Neno moja la mwaka: namna ya kulichagua, kulijaribu na kuishi nalo

Maazimio ya mwaka mpya hutangazwa katika wiki ambazo mtu ana nafasi finyu kabisa ya kuyatimiza. Shule zinafunguliwa, ada na sare zinadaiwa, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo, na waliokwenda mikoani kwa sikukuu wamerudi mfukoni wakiwa wamebakiwa na nauli tu. Hapo ndipo mtu anaandika "nitaweka akiba laki moja kila mwezi", na kufika tarehe 20 sharti limeshavunjika. Kuvunjika kwenyewe si jambo kubwa. Ubaya uko kwenye kinachofuata: sharti kali lina hali mbili tu, limetimia au halikutimia, na likishavunjika halina tena la kumwambia mwenyewe. Wanasaikolojia Janet Polivy na Peter Herman wa Chuo Kikuu cha Toronto waliliona hili kwa watu wanaojinyima chakula: aliyeamini kwamba ameshaharibu siku alikula zaidi, kwa kuwa aliona hakuna tena cha kuokoa.

Neno la mwaka halifanyi kazi hivyo. Ni neno moja unalolichagua kwa makusudi na kulirudia kila unapofika kwenye njia panda ndogo ndogo za kila siku: nikope au nisubiri, niende au nibaki, niseme au ninyamaze. Ukilisahau wiki 3, wiki ya 4 bado lipo na bado lina la kukuambia. Lakini likichaguliwa ovyo hugeuka pambo la ukutani, na mengi huishia hapo. Ndiyo maana tunashauri utenge jioni tatu, na kati ya jioni ya pili na ya tatu uweke wiki moja ya majaribio.

Jioni ya kwanza: mwaka uliopita

Usianze na maneno. Chukua daftari na kalamu, jipe dakika 40, na uanze na ushahidi. Omba taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi 6 iliyopita, kisha fungua picha za simu mwezi kwa mwezi. Kumbukumbu humpendelea mwenye nayo. Miamala haimpendelei mtu. Gawa ukurasa safu mbili: upande mmoja yaliyokuchosha, upande wa pili yaliyokupa nguvu. Andika mambo, usiandike hukumu. "Nilikopa mara 4 ili nichangie harusi" ni jambo. "Mimi ni mbadhirifu" ni hukumu, na hukumu itakupeleka kwenye neno la kujiadhibu.

Kisha tafuta kinachojirudia angalau mara 3. Tuseme daftari linaonyesha kozi iliyoachwa katikati, nyumba iliyokwama kwenye msingi, kitambaa kilicholala kwa fundi tangu Aprili, na deni la dukani lililobaki robo tu. Ukiyatazama haraka utadhani tatizo ni pesa. Ukiyasoma pamoja utaona kwamba mwenye daftari huanza vizuri na kuachia karibu na mwisho. Ugunduzi huo ndio unaotafutwa jioni hii, na ukiukosa, jioni ya pili utachagua neno zuri la mtu mwingine.

Wakazi wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wana utaratibu wao wa kufunga mwaka: kwenye Mwaka Kogwa, mwezi Julai, wanaume hupigana kwa magomba ya migomba ili kinyongo cha mwaka kitoke kabla mwaka mpya haujaingia. Daftari ni njia ya kimya zaidi, lakini mpangilio ni ule ule. La zamani litoke kwanza.

Jioni ya pili: orodha, na kwa nini kitenzi ni bora

Andika maneno 20 hadi 30 bila kuchagua. Yatoe popote: Kiswahili, lugha ya nyumbani kwenu, maneno ya bibi, maneno ya kazini. Neno la Kichaga au la Kisukuma linalokugusa lina nguvu kuliko la Kiswahili sanifu lisilokugusa.

Sasa tazama umbo lake. Wengi huandika nomino: Utulivu, Ujasiri, Nidhamu, Amani. Nomino za namna hii hutaja hali, na hali unaweza kuitamani mwaka mzima bila kuinua kidole. Kitenzi kinaagiza. "Utulivu" hausemi chochote saa 2 usiku mtoto akiwa amemwaga chai juu ya daftari la hesabu. "Tulia" inasema, na unajua la kufanya. Kwa hiyo kila nomino kwenye orodha jaribu kuigeuza kitenzi. Isiyogeuka kirahisi, iwekee alama ya kuuliza.

Kisha kinyambue kitenzi, maana hapa Kiswahili kinatupa kipimo ambacho lugha nyingi hazina. Chukua "Maliza", neno linalomfaa mwenye daftari lile la juu. Maliza ni kufikisha kazi mwisho. Malizia ni kushughulikia kile kipande kilichobaki, na ndicho alichokuwa akikiacha kila mara. Malizana ni kufika mwisho na mtu, kama kwenye lile deni la dukani. Neno moja limeingia kwenye kozi, kwa fundi na kwa mwenye duka. Kitenzi kinachozaa matawi matatu yenye maana katika maisha yako kitadumu miezi 12. Kinachobaki na umbo moja tu kitakauka mapema.

Angalia pia maana mbili. "Panda" ni ya mbegu na ni ya mlima, na mwaka wa kupanda mbegu si mwaka wa kupanda cheo. "Acha" ni kuacha tabia, kuachia, na pia kutelekeza. Maana mbili si kosa, mradi uamue mapema unayoitaka na uiandike.

Maneno ya dini, kama Subira, Shukrani na Imani, yanahitaji uangalifu wa pekee. Ni mazito, lakini umeyasikia tangu utotoni, na sikio likizoea neno haliamki tena. Ukilichagua mojawapo, lazima lipate sentensi yake mahsusi, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Anza kufuta. Futa vitu: nyumba, gari, ndoa, shahada. Hayo ni malengo, yana mahali pake kwenye bajeti. Futa lililopo kwa sababu litapendeza ukilitangaza. Futa pia neno linalomjibu mtu. Jina la kanga linaweza kumlenga jirani na likafanya kazi yake vizuri kabisa, lakini neno la mwaka likimlenga jirani, basi jirani ndiye atakayekuongoza hadi Desemba. Bakiza matatu.

Wiki ya majaribio

Kila neno lipe siku 2. Asubuhi liandike kwenye karatasi ndogo uiweke mfukoni pamoja na pesa. Jioni andika mistari miwili: limeamua nini leo, na nimelikumbuka saa ngapi. Siku ya 7 soma yote. Neno ambalo katika siku 2 za kawaida halikugusa uamuzi hata mmoja, liondoe hata kama unalipenda sana. Fanya jaribio hili katika wiki ya kazi, kamwe si katika wiki ya sikukuu, maana wakati wa sikukuu kila neno linaonekana kufaa.

Jioni ya tatu: sentensi na kivuli

Neno lililoshinda liandikie sentensi moja isiyozidi maneno 20: "Mwaka huu Maliza maana yake sianzi kipya kabla sijafikisha mwisho kimoja nilichokianza." Bila sentensi hiyo, kufika Machi neno litakuwa na maana yoyote unayoitaka siku hiyo.

Chini yake andika kivuli cha neno. Kila neno jema lina namna yake ya kutumiwa vibaya na mwenyewe, na wanaoshindwa na zoezi hili hushindwa hapa kuliko mahali pengine. Subira hugeuka kisingizio cha kutopiga simu uliyopaswa kuipiga. Kiasi hugeuka ubahili kwa watoto. Jasiri huzaa ubishi ofisini. Pumzika, kwa mtu aliyechoka kweli, ni dawa. Kwa anayekwepa kazi ni shuka la kujifunika. Maliza nayo ina kivuli: kung'ang'ania jambo ambalo lingepaswa kuachwa, kama biashara inayokula mtaji kila wiki. Andika wazi: "Nikijikuta ninafanya hivi, nimepotea njia."

Mwisho wa jioni, lifungie neno kwenye matukio. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia ikifungwa kwenye tukio maalumu, kwa muundo wa "ikiwa hivi, basi vile", hutekelezwa zaidi kuliko nia inayoelea. Andika sentensi 3 za namna hiyo, zisizidi. "Ikiwa nimepokea kazi mpya, basi nafungua kwanza orodha ya zilizobaki." "Ikiwa ni Jumamosi asubuhi, basi namalizia jambo moja la chini ya nusu saa." "Ikiwa nimepata pesa ya ziada, basi namalizana na deni dogo kuliko yote."

Mahali pa kuliweka

Liweke pale uamuzi unapofanyikia. Ukutani sebuleni wageni ndio watakaolisoma. Kama linahusu pesa, liwe ndani ya pochi au juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mauzo. Kama linahusu maneno na hasira, liwe picha ya mbele ya simu. Kama linahusu usingizi, lipe alamu ya saa 4 usiku jina hilo. Jicho huzoea haraka, kwa hiyo kila mwezi badilisha rangi ya karatasi au mahali pake.

Wenza wasichaguliane. Mke akimpa mume neno, hata kwa mapenzi, linasikika kama lawama. Kila mmoja achague lake, wasomeane sentensi zao, basi. Chama au kikoba kinaweza kuwa na neno moja, mradi liwe na kitendo ndani yake. "Harambee", lililo kwenye nembo ya taifa ya Kenya, liliota mizizi kwa sababu kulitaja ilikuwa pia kukusanyika na kuchanga. Shule nyingi zilijengwa kwa michango hiyo.

Kulifuatilia

Tarehe moja kila mwezi, dakika 15: neno limebadilisha nini, nimelikwepa wapi, kivuli chake kimeonekana? Usijipe alama wala asilimia, la sivyo utakuwa umerudi kwenye sharti kali kwa mlango wa nyuma. Kuanza tarehe 1 Februari, vumbi la ada likiwa limetulia, ni sawa kabisa. Kuanza siku ya kuzaliwa au Muharram pia ni sawa.

Kuna mambo ambayo neno halitoshi, na ni hatari kuliachia. Dawa za presha hunywewa kwa saa. Mtihani una tarehe. Mkopo wa shilingi 2,400,000 unaopaswa kulipwa kwa miezi 12 bila riba unadai 200,000 kila mwezi, na hakuna kitenzi kitakachopunguza hata senti. Hayo yaandikie ratiba na kiasi, na neno libaki kwenye yale yasiyo na tarehe.

Neno likionekana limekufa, mara nyingi Aprili au Mei, usikimbilie kulibadilisha. Kwanza lihamishe mahali, usubiri wiki 2. Likiendelea kunyamaza, andika upya sentensi yake, kwa kuwa huenda maisha yamebadilika na sentensi imebaki nyuma. Baada ya hapo ndipo ulifute, na mwisho wa Juni ni wakati mzuri: hata serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza mwaka wao wa fedha tarehe 1 Julai. Unapolifuta, andika pembeni tarehe na sababu kwa mstari mmoja. Ukurasa huo utauhitaji jioni ya kwanza ya zoezi la mwaka unaofuata, pamoja na miamala.