Seli itavimba, itasinyaa au itabaki ilivyo? Kokotoa, usikariri

Mada ya osmosisi (maji kupita kwenye utando kwenda upande wenye chembe nyingi zilizoyeyuka) husomwa mara nyingi kwa jedwali la kukariri: myeyusho huu unavimbisha seli, ule unaisinyaza. Jedwali hilo hukwama mara tu mtihani unapoleta myeyusho usiomo. Hesabu yenyewe ni fupi. Kinachoamua jibu ni swali moja lisilo la hesabu, ambalo liko hatua ya 4, na ndilo wengi huliruka.

Shika namba moja tu: plazima ya damu ina takriban miliosmoli 290 kwa kilo ya maji (kawaida ni kati ya 275 na 295). Miliosmoli ni milimoli za chembe zote zilizoyeyuka. Kwa kazi hii chukua kilo na lita kuwa sawa.

Hatua ya 1: Geuza asilimia iwe gramu kwa lita

Asilimia iliyoandikwa kwenye chupa ya dripu ni gramu katika mililita 100, kwa hiyo zidisha kwa 10. Sodiamu kloraidi ya 0.9% ina gramu 9 kwa lita. Ukisahau kuzidisha, jibu litakuwa dogo mara kumi na kila dripu itaonekana kama inapasua seli.

Hatua ya 2: Gawanya kwa uzito wa moli moja

Sodiamu ni 22.99 na klorini ni 35.45, jumla 58.44. Gramu 9 ÷ 58.44 = moli 0.154, yaani milimoli 154 kwa lita.

Glukosi ina mtego hapa. Glukosi kavu ina uzito wa 180.16, lakini ile iliyofungamana na molekuli moja ya maji ina 198.17. Glukosi ya 5% itakupa milimoli 278 ukitumia uzito wa kwanza, na 252 ukitumia wa pili. Hesabu zote mbili ni sahihi. Soma lebo ujue ni glukosi ipi iliyopimwa.

Hatua ya 3: Zidisha kwa idadi ya chembe

Sodiamu kloraidi ikiyeyuka huachana na kuwa ayoni mbili: 154 × 2 = 308. Kalsiamu kloraidi hutoa tatu, kwa sababu kila kalsiamu hubeba kloraidi mbili. Glukosi na yurea hubaki molekuli nzima, hivyo zidisha kwa 1. Usihesabu atomu zilizo ndani ya molekuli. Vifungo vyake vya kovalenti haviachii ndani ya maji.

Mbona basi 308 imeizidi plazima, ilhali dripu hii haisinyazi seli? Ayoni zenye chaji tofauti huvutana, kwa hiyo hazifanyi kazi kama chembe huru kabisa. Kwa chumvi hii zidisha kwa 0.93, upate takriban 286.

Hatua ya 4: Uliza, je, chembe hizo zinapita kwenye utando wa seli?

Chukua yurea gramu 18 kwa lita. 18 ÷ 60.06 ni karibu milimoli 300, chembe ni moja, jibu ni 300. Kwenye karatasi inalingana na plazima. Tia seli nyekundu za damu humo, zitapasuka. Yurea hupita kwenye utando kupitia protini maalumu, na punde inakuwa sawa ndani na nje. Ndani, hata hivyo, bado kuna himoglobini na potasiamu zisizoweza kutoka, na nje hakuna kitu cha kuyazuia maji. Maji huingia mpaka utando unashindwa, karibu kama vile seli zingewekwa kwenye maji matupu.

Sodiamu nayo huvuja kuingia, lakini pampu ya utando huirudisha: kwa kila ATP moja (molekuli inayoipa seli nishati), sodiamu tatu hutolewa na potasiamu mbili huingizwa. Kwa hesabu zetu, sodiamu ni kama haiingii. Damu ikikatika kufika kwenye tishu, ATP hupungua, pampu inalegea, sodiamu inabaki ndani na maji yanaifuata. Ndiyo maana kuvimba ni moja ya mabadiliko ya kwanza kuonekana kwenye seli iliyojeruhiwa.

Glukosi ya 5% iko katikati. Ikiingia mshipani haipasui seli pale pale, lakini seli huichukua na kuitumia, na kinachobaki ni maji. Kwenye jibu lako taja unazungumzia wakati gani.

Hatua ya 5: Andika mwelekeo wa maji

Linganisha chembe zisizopita pekee. Maji huenda ziliko nyingi. Kabla ya kuzidisha kwa 0.93, chumvi ya 0.45% ni 154: maji yanaingia, seli inavimba. Chumvi ya 3% ni 1,027: maji yanatoka, seli inasinyaa.

Hatua ya 6: Thibitisha maabara

Kutengeneza mililita 100 za chumvi ya 0.9%, pima gramu 0.90, yeyusha kwenye maji yasiyo na madini kama mililita 80, kisha jaza hadi alama ya 100. Tengeneza pia 0.45%, 0.3% na yurea ya 1.8%. Weka mililita 5 kwenye kila mrija, vaa glavu, dondosha tone moja la damu iliyotiwa dawa ya kuzuia kuganda. Pindua mrija polepole mara mbili. Ukitikisa kwa nguvu utapasua seli kwa mkono wako.

Weka karatasi yenye maandishi nyuma ya mrija. Myeyusho ukiwa na ukungu na herufi hazisomeki, seli ni nzima. Ukiwa mwekundu wa kupenya mwanga na herufi zinasomeka, zimepasuka. Seli za binadamu huanza kupasuka karibu na 0.5% hadi 0.45%, na karibu na 0.3% zote huwa zimekwisha. Za mbuzi na kondoo hupasuka mapema zaidi. Mrija wa 0.9% ukionyesha wekundu angavu, shuku damu iliyokaa siku nyingi au mrija uliobaki na maji ya kuoshea.

Chumvi ya 3% haitambuliki kwa njia hii, kwa sababu seli zilizosinyaa nazo hutoa ukungu. Tazama tone lake kwa hadubini, kwa ukuzaji wa mara 400: pembeni mwa seli utaona vijimiba.