Mfuniko wa tangi: acheni kupima mdomo, pimeni nje

Ndugu zangu wa Dodoma, Chamwino, Bahi na kote huku tunakovuna maji ya bati, leo nina jambo moja tu na naomba mnisikilize vizuri kwa sababu mwaka huu limeshanitoa machozi zaidi ya mara moja. Mnajenga matangi mazuri ya tofali, plasta safi, koki iko chini, halafu kwenye mfuniko mnapima MDOMO WA NDANI mnaenda kukata mbao na bati sawasawa na huo mdomo. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Mama mmoja nilimtembelea mwezi wa sita, tangi lake kipenyo cha ndani mita moja na nusu, kina mita mbili, yaani lita 3,500 hivi. Fundi kampimia sentimita 150 kamkatia 150. Mbao zilikuwa mbichi, jua likazikausha zikasinyaa, usiku mfuniko ukatumbukia ndani na panya wawili juu yake. Maji yote akamwaga, mwezi wa sita!! mvua mpaka mwezi wa kumi na mbili, akabaki ananunua ya madumu ya mkokoteni. Roho iliniuma sana maana tangi lile nilikuwepo linapojengwa na suala la mfuniko sikulisimamia.

Na kuna wanaosema basi bora niache wazi tu. Piga hesabu. Kwa jua letu na upepo huu maji yaliyo wazi yanashuka kama milimita 5 kwa siku, kwenye tangi la upana ule ni karibu lita 9 kila siku zinaenda hewani, hakuna aliyekunywa, hakuna mbuzi aliyekunywa. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja ni lita 1,900 hivi, zaidi ya nusu ya tangi. Hapo bado mwani wa kijani, na hatari ya mtoto kuchungulia akaangukia ndani.

Sasa vipimo. Chukua tepu, pima kutoka ukingo wa NJE mpaka ukingo wa NJE wa pili, siyo ndani, rudia: nje mpaka nje. Usipime mara moja. Tangi la kujengwa kwa mkono halijawahi kuwa duara kamili hata fundi awe nani, kwa hiyo pima mara nne, kama unakata keki vipande vinane, andika kila kipimo na chukua kilicho KIKUBWA. Wengi mnachukua cha kwanza au mnatafuta wastani, wastani haufuniki chochote. Kwenye hicho kikubwa ongeza sentimita 20, kumi kila upande. Mfano ukipata 180, 182, 184, 181, unachukua 184 unajumlisha 20 unapata 204. Hicho ndicho kipimo cha ndani cha fremu ya mbao ya mfuniko wako. Na upime baada ya plasta kumaliza kumwagiliwa, zile siku saba zake zikiisha, siyo siku fundi ameondoka mwiko bado una majimaji.

Fremu ifanye ya mraba, 204 kwa 204. Msihangaike kukata bati duara, linapotea bure na kingo zake zinakata mikono. Mbao ni inchi 1 kwa 6, zikae kivulini wiki tatu zikauke kwanza, na tafadhali sana MSIPAKE OILI CHAFU. Najua mnaogopa mchwa na fundi atakuambia ndiyo kawaida, lakini ile oili jasho la bati litaiteremsha kwenye maji mnayokunywa. Mfuniko uko juu ya tofali hauko ardhini, mchwa akianza kupanda ukutani utaona njia yake ya udongo, ifute. Hivyo hivyo na mifuko ya mbolea au plastiki iliyobeba dawa za shamba, nimeiona imetandikwa juu ya tangi la maji ya kunywa, toeni leo hii.

Upande mmoja wa fremu weka ubao mmoja, upande unaoutazama pandisha mbao mbili, moja juu ya nyingine, hapo unapata tofauti ya sentimita 15, ndiyo mteremko wako. Pembeni mbao unazikata kwa kushuka. Bila mteremko maji ya mvua na mavi ya ndege vinakaa juu, msumari ukilegea kidogo tu vinashuka ndani. Mbao mbili za inchi 2 kwa 3 zipite katikati zikiwa zimefungwa sentimita 5 juu ya ukingo wa chini wa fremu, hizi ndizo zinazolala juu ya ukuta wa tangi na fremu inabaki imening'inia kwa nje kama kofia. Hapo haina namna ya kutumbukia hata mbao zisinyae.

Juu yake mabati ya geji 28, matatu ya mita 2.5 yanatosha, yakate 225 ili yatokeze nje ya fremu kama sentimita 8 mbele na nyuma. Misumari ya bati inapigwa kwenye mgongo, siyo bondeni. Hili mnalijua mkiezeka nyumba, mkifika kwenye tangi mnalisahau.

Halafu migongo ya bati. Kila mgongo ni kadirisha ka mbu, wazi mbele na nyuma. Kunja vipande vya wavu wa nailoni wa dirishani, sokomeza kila tundu, hata moja usiache, nimeshahesabu tangi lenye matundu 24 yote wazi na mwenye nyumba ananiambia bwana shamba mimi nimefunika.

Chini nako kuna uwazi kati ya fremu na ukuta, kwa hiyo unazungusha sketi ya wavu huohuo. Urefu: pande nne mara 204 ni 816, kata mita 8 na nusu ili zipandane. Upana sentimita 80. Watu wananibishia wanasema 40 inatosha, haitoshi! Fremu ni mraba tangi ni duara, kwenye kona kutoka fremu mpaka ukutani ni zaidi ya nusu mita, 52 kwa mfano wetu huu, na bado unahitaji 20 za kushuka ukutani na kufunga. Gongomea juu kwenye fremu kwa vipande vya mbao nyembamba, chini funga na mpira wa tyubu ya baiskeli, uvutwe mpaka ukaze, mizunguko miwili. Matundu ya wavu yasizidi milimita 1. Chandarua kuukuu chenye dawa hapana.

Bomba la kutoka kwenye gata lipite kwenye ule ubao wa juu, toboa saizi ya bomba, vifungie wavu mdomo wa bomba kule juu na bomba la kumwagia ziada pia. Uoshe kila baada ya mvua kubwa maana majani yanaziba.

Kabla ya kufunika, SUGUA KUTA kwa brashi ngumu, hasa ule mstari maji yanapoishia. Yule mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, anayeleta dengue iliyosumbua Dar es Salaam 2014 na 2019, hatagi katikati ya maji, anabandika mayai ukutani juu kidogo ya maji na yanakaa makavu miezi, mvua ikifika yanaanguliwa. Usiposugua unamfungia ndani na mayai yake. Kwenye joto letu yai mpaka mbu ni siku 7 hadi 10, kwa hiyo siku moja ya wiki, chagua yako mimi huwa nawaambia Jumamosi, legeza mpira upande mmoja, mulika na tochi, funga tena. Siyo mara moja kwa mwezi, mwezi umeshatoa makundi matatu ya mbu.

Muda wa kutengeneza ni mwezi wa tisa na wa kumi, tangi likiwa limeshuka. Upepo wa huku mnaujua, kwa hiyo kona zote nne shusha waya wa kufungia nondo, fungia jiwe la kilo 15 kila kona, yaning'inie bila kugusa chini. Mtu asipande juu yake, wala kuanika mahindi.

Ukichungulia ukaona ndani ni giza na maji hayana viluwiluwi, umeweza.

Na kwa wale ambao tayari mmekata sawa na mdomo, msitupe mbao. Fungeni fremu mpya kwa nje yake, ile ya zamani ikae ndani kama kiunzi, vipimo ni vilevile vya nje mpaka nje.