Sanaa ya mtaa inayoendeshwa na wakazi: hatua nilizopitia Tanga, na ile iliyonigharimu mwaka mzima

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Pangani alinipigia simu. Amemaliza masomo ya sanaa Bagamoyo, amerudi kwao, anataka kuanzisha programu ya sanaa itakayokuwa mikononi mwa wakazi wenyewe. Kila ofisi anayoingia anajibiwa kuwa watu wa huku hawana mwamko wa sanaa. Tuliongea mpaka salio likaisha, nikamwahidi kuandika. Haya ni ya kwake na ya yeyote aliye kwenye mji ambao umeshaandikiwa ripoti kuwa watu wake hawajitokezi.

Hatua ya 1: Ruhusa

Barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa mtendaji na kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Kikundi kikishasimama, fuatilieni usajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kupitia kwa huyo afisa utamaduni. Ukiwa na heshima na subira, hili linakwenda.

Hatua ya 2: Kaa barazani, na neno "sanaa" liache nyumbani

Mimi nilianza kwa kuuliza, "Mnapenda sanaa gani?" Nikapata kimya. Bi mkubwa mmoja, mkaanga samaki, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi sanaa hatuijui, hiyo ya wasomi." Siku tatu baadaye nikamkuta kwenye shughuli ya arusi, ameshika upande wa wanawake kwa vugo, zile pembe zinazogongwa kwa vijiti, na nyimbo, anatunga beti papo hapo, anamtaja bwana arusi, anawataja mawifi, watu wanamtunza. Nilipomkumbusha maneno yake alinishangaa. "Hii si sanaa baba. Hii ni yetu."

Tangu siku hiyo nauliza mambo ya matendo. Nani anaimbisha kwenye arusi? Nani anapiga dufu maulidi yakifika? Nani anasuka mikeka, anatia rangi ukindu mwenyewe? Nani aliandika maneno yale ubavuni mwa mtumbwi? Nani anajua hadithi za magofu ya Tongoni? Mtaa mmoja ulinipa majina 31 kwa siku nne. Huu ndio mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mji ambao Shaaban Robert alizaliwa pembeni yake, kule Vibambani, mwaka 1909. Usiingie mtaani ukidhani unaleta sanaa.

Andika kwenye kaunta buku, mbele yao. Kundi la WhatsApp lisubiri. Wenye simu za vitochi, ambao mara nyingi ndio wenye nyimbo, utawaacha nje tangu siku ya kwanza, na kuwarudisha ni kazi.

Na jambo moja sina mchezo nalo: ya ndani yabaki ndani. Nyimbo za unyago zina wenyewe na zina mlango wake. Kama makungwi hawakusema zitoke, usirekodi na usiombe mara ya pili.

Hatua ya 3: Wachague kwa maharage

Ukiwaita watu kumi na tano na kuuliza "tufanye nini?", atasema mzee, na vijana wataitikia. Kwa hiyo nafunika mabakuli matatu kwa kanga: la maigizo, la ngoma na nyimbo, la picha za ukutani. Kila mtu anapewa maharage mawili, anaingiza mkono chini ya kanga, hakuna anayeona. Kisha tunamwaga na kuhesabu mbele ya wote. Mtaa wetu ulichagua maigizo yenye nyimbo, mimi nikiwa nimeshajiandaa kwa picha. Nilirudisha rangi dukani.

Njia ya kuwaachia watu wachague jambo lao si ngeni kwetu. Miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikaa na wanakijiji Malya, mkoani Mwanza, na baadaye Msoga, Bagamoyo. Wanakijiji walitaja matatizo yao wenyewe, wakayatungia michezo na ngoma zao, kisha wakajadili. Malya walichagua mimba za wasichana. Mtu wa nje angeogopa kulipendekeza.

Hatua ya 4: Ratiba

Hapa ndipo nilipopoteza mwaka, kwa hiyo soma taratibu.

Mara ya kwanza nilifanya kazi chini ya mradi wa shirika fulani. Ratiba ilikuja imechapwa: Jumamosi saa kumi jioni, ukumbini, wiki nane mfululizo. Wiki ya kwanza ukumbi ulijaa. Ya tatu walikuja watu wanne. Ya nne wakarudi wengi kidogo, nikafurahi, ya sita ukumbi mtupu tena. Mwishoni mimi mwenyewe niliandika kwenye ripoti kuwa mwitikio wa jamii ulikuwa mdogo. Najuta kuiandika sentensi ile, kwa sababu ilibaki kwenye faili na mradi haukurudi.

Aliyenifumbua macho ni nahodha mmoja wa boti ya dagaa. Alikuwa anashona wavu chini ya mti wa mkungu, nikamuuliza mbona leo yupo na Jumamosi iliyopita hakuwepo. Akaelekeza sindano ya wavu juu. "Tazama mwezi."

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Boti zinatoka jioni na taa, taa inawavuta dagaa, wavu unazungushwa. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga umeenea baharini kote, dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Kwa hiyo mwezi ukikaribia kujaa, wavuvi hao wanapumzika, wanatengeneza nyavu na boti. Tena si wavuvi peke yao. Kipindi cha giza, wanawake wanaochemsha na kuanika dagaa wanazingoja boti alfajiri na kushinda vichanjani. Wachukuzi, wauza kuni, mama wa chai, wote wamefuata. Mtaa mzima unaishi kwa mwezi, sisi tuliuletea Jumamosi.

Sasa nafanya hivi. Nachukua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu na kuzungushia tarehe 12 hadi 18 za kila mwezi. Humo ndimo tunamofanya mazoezi, karibu kila jioni baada ya Isha, kisha tunaachana mpaka mwezi unaofuata. Siku saba mfululizo zinajenga igizo kuliko Jumamosi nane. Na mwanga ni wa bure; hatujawahi kukodi jenereta kwa mazoezi.

Lakini angalia haya:

Tarehe ya kalenda na mwezi wenyewe hupishana siku moja. Wavuvi wanaamini macho yao, nawe fanya hivyo.

Kuanzia tarehe 17 mwezi unachelewa kutoka. Ukipanga onyesho siku hiyo mtaanza gizani. Onyesho liwe tarehe 13 hadi 15, mwezi ushapanda mapema.

Mwezi mpevu ni bamvua pia. Maji yanakupwa sana mchana, na wanawake wanaotafuta pweza wako mwambani. Usiwaite kabla ya jioni, na wape nafasi ya kuoga na kula.

Hesabu hii ni ya dagaa. Wavuvi wa mishipi na wa madema wana hesabu yao. Ukiwa Ngamiani kwa wafanyabiashara wadogo, au Pongwe kwa watu wa mkonge, tupa kalenda yangu uwaulize wao. Swali ni hilohilo: ni siku zipi mwezi huu mkono wako hauna kazi?

Ramadhani usipange kitu. Shaabani arusi ni nyingi na waimbaji wako wote wamealikwa. Nenda ukawasikilize huko. Mfungo Sita ni maulidi, vijana wa dufu hutawapata. Masika, Machi hadi Mei, uwanja ni tope. Ukitoa yote hayo unabaki na miezi sita au saba hivi kwa mwaka. Inatosha, bora mfadhili aijue hesabu hiyo mapema.

Hatua ya 5: Fedha

Sanduku la kufuli tatu kama la vikoba, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, na wewe usiwe mmoja wao. Akina mama wanaijua kazi hii kuliko mhasibu yeyote niliyewahi kuletewa. Mapato na matumizi yasomwe kila tarehe 12 kabla ya mazoezi. Posho ya kukaa usitoe hata ukibembelezwa, maana siku ikikauka watu wanaondoka nayo. Chai, maandazi na nauli ya anayetoka mbali, hiyo toa kila siku.

Hatua ya 6: Mazoezi

Haya unayajua. Usiwaandikie maneno.

Hatua ya 7: Onyesho

Fanyeni pale watu wanapopita: uwanja wa mtaa, kando ya soko la samaki, mbele ya baraza. Mikeka chini, watoto mbele, wazee kwenye mabenchi. Wajulisheni viongozi wa msikiti mapema, wapate kukubaliana nanyi saa ya kuanza na ukubwa wa sauti. Mgeni rasmi simshauri mtu. Tulimngoja mmoja mpaka saa nne usiku; watoto walilala mikekani na waigizaji wawili wakaenda zao.

Acheni nusu saa baada ya mchezo watu waseme. Kwetu igizo lilihusu mgawo wa mapato ya boti. Mchemshaji dagaa mmoja alisimama, akamwambia mwigizaji wa nahodha, "Hapo ulipohesabu, rudia. Hukuhesabu kuni." Walirudia kipande kile mara tatu, na mara ya tatu yule mama akaigiza mwenyewe.

Kesho yake kaunta buku akabidhiwe mtu wa mtaa mwenye mwandiko unaosomeka. Kwetu alilichukua binti wa yule bi mkubwa wa vugo, na jambo la kwanza aliloandika ni tarehe 12 ya mwezi unaofuata.