Jinsi ya kuielewa vita ya kiti cha Buganda ukianzia huku kwetu Mwanza

Wadau, hii vita ya 1888 hadi 1890 inawashinda wengi kwa sababu wanaanzia Mengo, makao makuu ya ufalme wa Buganda huko Uganda, wanakutana na majina kibao kwa mpigo, wanachoka. Anzia huku kusini mwa Ziwa Victoria, maana Mwanga, kabaka (yaani mfalme wa Buganda) aliyepinduliwa, alikimbilia kwetu na safari ya kumrudisha ilianzia huku huku.

Kwanza chukua karatasi uandike majina matatu tu: Mwanga, Kiwewa, Kalema, wote watoto wa Mutesa aliyefariki 1884. Halafu ujue kwamba kwa mila ya Buganda mtoto wa kiume wa kwanza wa kabaka, ndo huyo anayeitwa Kiwewa, harithi kiti, kwa hiyo Septemba 1888 Waislamu na Wakristo walipoungana wakamtoa Mwanga wakamweka Kiwewa, mambo yalikuwa yamepinda toka mwanzo. Hata miezi miwili hakumaliza. Oktoba Waislamu wakawafukuza Wakristo, wakamtaka Kiwewa atahiriwe, akagoma, wakamweka Kalema. Na Kalema aliua wanawafalme wenzake, wanaume kwa wanawake, ili asibaki wa kumpinga. Hapo usiruke, ndo utaona ni kiti kilichokuwa kinagombaniwa, sio dini peke yake.

Sasa fungua ramani kwenye simu, weka alama Magu, Bukumbi, visiwa vya Sese, kisiwa cha Bulingugwe na Mengo, alafu mfuate Mwanga kwa kidole. Alivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Magu kwa Waarabu, huko wakamkamua mali zake na kumweka kama mateka, mwisho akaponyoka akaenda Bukumbi kwa Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki. Yaani mtu yule yule ambaye 1886 aliwachoma Wakristo Namugongo, leo analala na kula kwa mapadri! Tulia hapo, jiulize ilikuwaje wakampokea, na ilikuwaje Wakristo waliokimbilia Nkore, ufalme jirani, wakamtumia ujumbe arudi awaongoze. Jibu ni kwamba bila mtoto wa Mutesa hakuna Muganda ambaye angewafuata, na hawakuwa na wengi wa kuchagua.

Baada ya hapo usiangalie bunduki tu, angalia vyombo vya majini. Mwaka 1889 Charles Stokes, mfanyabiashara wa Ireland aliyewahi kuwa mmisionari, alimbeba Mwanga kwa boti yake, mara ya kwanza wakapigwa, lakini Wasese walipokuja upande wao na mitumbwi yao Kalema akabaki na nchi kavu tu, ziwa lote halikuwa lake. Oktoba 1889 Mwanga akaingia Mengo, Novemba akatimuliwa tena mpaka Bulingugwe, Kalema akisaidiwa na Kabalega mfalme wa Bunyoro, Februari 1890 Mwanga akarudi na safari hii Kalema hakurejea tena.

Mapigano ya 1892 yaandike karatasi nyingine kabisa, yale ni Wakatoliki na Waprotestanti wenyewe kwa wenyewe na Lugard, afisa Mwingereza, yumo ndani.

Ukitaka kufika mwenyewe, Magu iko barabara ya Musoma, Bukumbi unapita Usagara kama unaenda Kigongo. Parokia ipo mpaka leo, bisha hodi, salimia wazee vizuri, ndo uanze kuuliza.