Kuelekeza Matokeo ya Amri Kwenye Faili Katika Unix

Kila amri inayoendeshwa katika sheli ya Unix (programu inayopokea na kuendesha amri unazoandika) huanza ikiwa na mikondo mitatu: namba 0 ya kupokea data, namba 1 ya kutoa matokeo, na namba 2 ya kutoa ujumbe wa makosa. Miwili ya mwisho huishia kwenye skrini isipokuwa tumeielekeza kwingine, kwa mfano:

ls -l > orodha.txt

Faili hiyo ikiwa haipo, itaundwa. Ikiwa ipo, yaliyomo yatafutwa yote bila onyo. Anayetaka kuongeza mwishoni atumie alama mbili:

date >> orodha.txt

Jambo la kushikwa mapema, kwa maana mengi hutokana nalo, ni kwamba anayefungua faili ni sheli, wala si amri, na huifungua kabla amri haijaanza kazi. Kwa hiyo ukiandika sort majina.txt > majina.txt utabaki na faili tupu, kwa kuwa sort inapoanza kusoma, sheli imekwisha kuifuta. Njia salama ni hii:

sort -o majina.txt majina.txt

Namshauri kila anayeanza aandike set -o noclobber, ili sheli ikatae kufuta faili iliyopo. Siku atakapokusudia kuifuta kweli, atatumia >| badala ya >.

Makosa hupitia mkondo wake, na namba 2 huandikwa ikiwa imeshikana na alama:

find /etc -name '*.conf' > majibu.txt 2> makosa.txt

Kama huyahitaji kabisa, yapeleke /dev/null, faili maalumu inayotupa kila kinachoandikwa humo. Kama unataka yote yaingie katika faili moja, andika:

find /etc -name '*.conf' > yote.txt 2>&1

Hapa mpangilio una uzito, kwani sheli husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na 2>&1 maana yake ni kwamba mkondo namba 2 uende kule ulikoelekea namba 1 wakati huo. Ukiitanguliza, makosa yatabaki kwenye skrini.

Kwa sababu hiyohiyo ya sheli kufungua faili, kutanguliza sudo (inayoendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi) mbele ya echo (inayotoa maandishi unayoipa) hakusaidii kuandika katika faili ya mfumo: ruhusa inayotumika kuifungua ni yako wewe. Mpe kazi hiyo tee, amri inayoandika katika faili maandishi inayopokea kupitia alama ya |, na pia huyaonyesha kwenye skrini. Chaguo la -a huyaongeza mwishoni:

echo 'mstari mpya' | sudo tee -a /etc/mfano.conf