Kizibo kilekile, dawa nyingine: kosa linalokula pamba Igunga na Nzega

Kila msimu naitwa nikaone pamba iliyopuliziwa mara tatu na funza bado wanatoboa vitumba. Huwa naomba kwanza nione chupa. Mara nyingi mkulima kabadilisha dawa, kipimo kabaki nacho kilekile: vizibo viwili kwa bomba.

Ndugu zangu, kizibo si kipimo. Dawa yenye lambda-cyhalothrin, kwa mfano, iko ya gramu 25 za kiini (sumu yenyewe inayoua wadudu) kwa lita na iko ya gramu 50 kwa lita. Kuna lebo zinazoandika asilimia, na hapo ndipo watu wanapopotea. Asilimia 5 ni gramu 5 ndani ya mililita 100. Lita ina mililita 100 mara kumi, kwa hiyo zidisha kwa kumi: gramu 50 kwa lita. Ni nguvu ileile! Usiniambie ya "50" ni kali mara kumi kuliko ya "5". (Lebo ikisema asilimia hiyo ni kwa uzito, usizidishe kwa kumi tu. Lita yenye uzito wa kilo 1.2 itakuwa na gramu 60.)

Sasa tuseme lebo inataka mililita 20 za dawa ya gramu 50 kwa bomba la lita 20. Zidisha 20 kwa 50, gawanya kwa 1,000: unapata gramu 1 ya kiini cha dawa. Gramu 1 ndani ya lita 20 ni miligramu 50 kwa kila lita, ndiyo ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni) unazoziona kwenye vipeperushi. Ukinunua ya gramu 25, gramu 1 hiyo inatoka kwenye mililita 40. Ukibaki na 20, umewachanja funza, hukuwaua. Ukitoka ya 25 kwenda ya 50 bila kupunguza, umemwaga hela na sumu maradufu.

Na bomba lako ni la lita ngapi? La lita 16 linataka mililita 16 za dawa ya gramu 50, si 20. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, ukiwa na glovu. Changanya siku ya kupulizia, usilaze mchanganyiko. Pulizia asubuhi mapema au jioni, si saa saba mchana kama ninavyowakuta.

Siku mbili tatu baadaye pasua vitumba. Funza wamekufa, umepatia.

Hilo bomba la sindano liandike "SUMU" kwa rangi, lisirudi ndani kumpimia mtoto dawa.