Kabla hujanunua mche wa mndimu, geuza majani

Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mwisho wa mwaka vitalu hujaa watu wanaotafuta mindimu na michungwa. Wengi huangalia kama mche umenyooka, wanalipa, wanaondoka. Geuza majani kwanza. Kagua upande wa chini, kando ya mshipa mkuu, kisha vijiti vichanga. Vidoa bapa vyenye umbo la yai, vya manjano iliyoingia kahawia, urefu wa milimita 3 hivi, vinaweza kuwa wadudu hai: Coccus hesperidum, mdudu aitwaye gamba laini, aliyepewa jina na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758.

Usikimbilie duka la dawa kabla hujajua ni gamba lipi. Mbandue kwa ukucha. Magamba magumu, familia ya Diaspididae, hubanduka kifuniko tu, mwili ukabaki kwenye jani. Huyu ni wa familia ya Coccidae. Gamba lake ni ngozi yake mwenyewe ya mgongo, hivyo hung'oka mzima. Tena jani lake hunata, kwa sababu anafyonza utomvu mwingi na kutoa maji ya sukari, ambayo baadaye huota ukungu mweusi. Magamba magumu hayatoi maji hayo. Ukiona sisimizi wamepanga foleni shinani, wafuate: wanakwenda kunywa, na wakiwa huko huwafukuza maadui wa mdudu.

Mche mpya utenge na mipera na mipapai yako, maana nayo humfaa. Usijifariji kwamba umeona mmoja tu. Madume ni nadra. Jike huzaa peke yake, mayai yakianguliwa ndani ya mwili wake, na watoto hujibanza chini yake kwa muda kabla ya kutambaa kutafuta mahali pa kufyonza. Hao watambaao ndio maji ya sabuni au mafuta ya mwarobaini huwamaliza. Wakubwa ni wagumu. Na kwa kuwa vizazi hupishana, kupuliza mara moja ni kupoteza mafuta. Puliza jioni, jua letu likishapoa, la sivyo utababua majani.

Ila tazama vizuri kabla ya kupuliza. Gamba lililokauka lenye tundu dogo la duara limeshaliwa kwa ndani na mtoto wa nyigu mdogo, naye ametoka kutafuta mengine. Hapo weka dawa kando, ufunge shinani kitambaa kilichopakwa grisi ili sisimizi wasipande.